Namna ya Kuwasimulia Wageni Historia ya Kisiwa cha Changuu

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya waongozaji wa watalii wa hapa Unguja, hasa vijana wanaoanza kazi, na kwa walimu wanaowapeleka wanafunzi wao Changuu katika safari za masomo. Kisiwa chenyewe ni kidogo. Kiko umbali wa kiasi cha kilomita 5.6 kaskazini-magharibi mwa Mji Mkongwe, urefu wake unakaribia meta 800, na upana wake, pale kilipopanuka zaidi, ni kama meta 230. Udogo huo ndio unaowafanya wengi wadhani kwamba hakihitaji maandalizi: mgeni hushushwa ufukweni, huonyeshwa kobe, hupigwa picha mbele ya jela, huambiwa kwamba humo walifungwa wahalifu wa kutisha, kisha hurudishwa mjini kabla ya chakula cha mchana. Maelezo hayo ya wahalifu si ya kweli. Jengo lile lilijengwa mwaka 1894 ili liwe jela, lakini halikuwahi kuwekwa mfungwa hata mmoja, na watu waliozuiliwa kisiwani humo kwa nyakati mbalimbali walikuwa kwanza watumwa, na baadaye wasafiri wasio na kosa lolote walioshukiwa kubeba maradhi. Habari hii ya kweli ni nzito zaidi kuliko ile ya kubuni, na mtu aliyelipa nauli na kuvuka bahari ili aje asikilize anastahili kuipata.

Panga tarehe kabla ya kupanda boti

Usiende Changuu ukiwa na visa vilivyotapakaa; nenda ukiwa na mfuatano. Chukua karatasi moja, uandike kwa mkono wako mwenyewe matukio machache yafuatayo kwa mpangilio wake, na uyasome mpaka uweze kuyaeleza bila kutazama.

Anza na miaka ya 1860, enzi za Seyyid Majid bin Said aliyetawala tangu 1856 hadi 1870, wakati kisiwa kilipokuwa mikononi mwa Waarabu wawili waliokitumia kuwazuilia watumwa waliohesabiwa kuwa wakaidi, kabla ya kuwapeleka ng'ambo au kuwauza katika soko la mjini. Kisha uweke mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Seyyid Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Waingereza, na ambao ulilifunga soko la watumwa la Mkunazini na kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri Mkuu katika serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa kwa niaba ya serikali hiyo, na mwaka uliofuata majengo ya jela yakajengwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoondoa utambuzi wa utumwa mbele ya sheria. Mwaka 1919 walikuja kobe wa kwanza kutoka Shelisheli.

Ukizitazama tarehe hizo zikiwa pamoja utaona jambo ambalo waongozaji wengi hulipita bila kulitaja: jela ilipokuwa ikijengwa mwaka 1894, utumwa ulikuwa bado halali Unguja na Pemba. Soko lilikuwa limefungwa kwa zaidi ya miaka 20, meli za kivita za Kiingereza zilikuwa zikiyasaka majahazi yenye watumwa, na bado mtu aliyemilikiwa shambani hakuwa na mahakama ya kumkomboa. Mgeni anayeambiwa kwamba Waingereza walifika wakaukomesha utumwa mara moja, kisha wakajenga jela, anaondoka na picha iliyopinda. Mwonyeshe jinsi mambo yalivyokwenda kwa hatua, tena kwa kusitasita.

Ongeza na tarehe moja ndogo itakayokusaidia unaposoma nyaraka za zamani: mwaka 1923 kisiwa kilibadilishwa jina rasmi kikaitwa Kibandiko, lakini jina hilo halikushika, watu wakaendelea na Changuu kama walivyozoea.

Chagua saa, na uanze kufundisha ndani ya boti

Boti za Changuu huondoka ufukweni mbele ya Mji Mkongwe, karibu na Forodhani na pale Mtini, na safari huchukua kiasi cha nusu saa kutegemea injini na hali ya bahari. Uliza mapema habari za maji. Siku za bamvua, maji yanapotoka hutoka mbali, na abiria hulazimika kushuka na kutembea ndani ya maji juu ya mawe. Kwa wazee na watoto wadogo hilo ni zito, na mwongozaji mwenye busara huipanga safari ili afike maji yakiwa yanajaa. Hakikisha kila abiria amevaa jaketi la kujiokolea kabla boti haijasukumwa, kwa sababu ukishaanza kusimulia hutapata tena nafasi ya kuhesabu watu.

Mahali pazuri pa kuanzia historia ni upepo wenyewe. Waulize wageni upepo unatoka upande gani, kisha uwaeleze kwamba kwa karne nyingi maisha ya mji huu yalifuata pepo mbili: kaskazi, inayovuma tangu Desemba mpaka karibu na Machi na iliyokuwa ikiyaleta majahazi kutoka Bara Hindi, Ghuba na Uarabuni, na kusi, inayovuma kuanzia Aprili na iliyokuwa ikiyarudisha makwao. Pamoja na tende, nguo, mazulia na vyombo vya shaba, majahazi hayo yalileta watu, na watu walikuja na maradhi yao. Kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869 na kuendelea mpaka 1870 kiliua maelfu ya watu. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akifanya kazi hapa wakati ule, aliifuatilia njia ya ugonjwa huo na kuonyesha jinsi ulivyosafiri pamoja na biashara na mahujaji kabla haujafika pwani yetu. Msikilizaji akiupata uhusiano huu wa upepo, biashara na ugonjwa akiwa bado ndani ya boti, kila atakachokiona kisiwani kitamwingia bila taabu.

Mkiwa njiani mnaweza pia kuvitaja visiwa vya jirani, kwa ufupi tu. Chapwani ndicho kisiwa cha makaburi, ambako wamezikwa mabaharia wa Kiingereza, wakiwemo wale wa manowari ya Pegasus iliyopigwa na manowari ya Kijerumani ya Königsberg katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Visiwa hivi vyote vilikuwa na kazi zake katika maisha ya bandari, na Changuu ni kimoja kati ya hivyo. Mgeni asidhani kwamba kilikaa peke yake bila mahusiano na mji.

Ufukweni, wataje watumwa kwanza

Mkishashuka, wageni wengi watataka kukimbilia kwa kobe. Usiwakatalie kwa ukali, lakini waombe dakika chache pale pale mchangani kabla hawajatawanyika, kwa kuwa sehemu inayofuata haisikiki vizuri watu wakiwa wameshaanza kulisha wanyama na kucheka.

Eleza kwamba watu wa kwanza kuzuiliwa kisiwani humu walikuwa watu waliotekwa bara, wengine wakitoka hadi maeneo ya Ziwa Nyasa na Tanganyika, wakatembezwa kwa miguu mpaka pwani na kuvushwa kwa majahazi. Walioletwa Changuu walikuwa wale waliokataa: waliojaribu kutoroka, waliogoma, walioonekana na wenye mali kuwa wataharibu biashara. Ninaomba jambo hili lisemwe kwa sauti ya kawaida, bila kupamba na bila kuongeza minyororo, mapango au maiti zilizotupwa baharini. Maneno mawili matatu yaliyo sawa yanamgusa msikilizaji kuliko hadithi ndefu ya kutisha, na wazao wa watu hao tunaishi nao mitaani hadi leo. Kuyatumia mateso ya babu zao kuwasisimua watalii ni kuwavunjia heshima.

Chagua maneno kwa uangalifu vilevile unapowataja waliokuwa wakiwamiliki. Wamiliki wa kisiwa walikuwa Waarabu, na hilo ni la kusemwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, lakini biashara yenyewe ilikuwa na mikono mingi: watekaji na wapagazi wa bara, wakopeshaji fedha wa Kihindi mjini, wenye mashamba ya karafuu wa hapa, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliozitaka pembe za ndovu zilizobebwa na misafara ile ile. Mwanafunzi wa Kizanzibari anayefunzwa historia ya kabila moja kuwa ndilo lililotenda yote atarudi nyumbani na chuki mahali pa maarifa.

Ndani ya jela isiyopata mfungwa

Hapa ndipo utumie muda mwingi zaidi. Waingize wageni katika ua na uwaache waangalie kwanza. Waonyeshe jinsi vyumba vilivyopangwa kuuzunguka ua, na jinsi kuta zilivyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyopatikana hapa hapa. Kisiwa chenyewe kiliwahi kuchimbwa matumbawe ya ujenzi. Wakaribishe waiguse sehemu ambayo lipu imebanduka, ili waone kwamba jiwe lina vitobo vidogo vidogo na alama za viumbe vya baharini. Ni ujenzi ule ule wa nyumba za Mji Mkongwe walizotoka kuziona asubuhi.

Kisha waeleze lengo la awali. Mathews alikusudia kuwaweka hapa wahalifu sugu kutoka bara, mbali na mji, mahali ambapo bahari ingefanya nusu ya kazi ya walinzi. Mathews mwenyewe alikuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuja katika maji haya kuzuia biashara ya watumwa. Seyyid Barghash akamkabidhi kazi ya kuunda jeshi la Sultani mwaka 1877, naye akabaki Unguja mpaka alipofariki mwaka 1901. Alikuwa mtu wa serikali mbili kwa wakati mmoja, akimtumikia Sultani na kuyalinda maslahi ya Waingereza, na uamuzi wa kununua kisiwa unaeleweka zaidi ukikumbuka nafasi yake hiyo.

Sababu ya mpango kubadilika ilitoka mbali. Mwaka ule ule wa 1894 tauni iliibuka Hong Kong, na mwaka 1896 ikaingia Bombay, bandari iliyokuwa na mawasiliano ya moja kwa moja na Unguja kwa meli za moshi na kwa majahazi. Mwaka huo wa 1896 pia ndipo ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza Mombasa, nao ukawa unaleta maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi kupitia bahari hiyo hiyo. Serikali ilipoitazama Unguja, mji uliobanana, wenye vichochoro vyembamba, maghala ya nafaka na panya wengi, iliona kwamba tauni ikiingia humo haitatoka kirahisi. Changuu kikawa kituo cha karantini, tena kwa ajili ya himaya zote za Waingereza katika Afrika Mashariki, na jengo lililokusudiwa kuwa jela likatumika kama hospitali. Homa ya manjano nayo hutajwa sana katika historia ya kituo hiki, na huo ni mlango mzuri wa kumwingiza mgeni katika habari hii, kwa kuwa wasafiri wengi wanaijua kadi ya chanjo ya homa ya manjano inayoulizwa mipakani na viwanjani hata sasa.

Elezea namna karantini ilivyokwenda. Chombo chenye mgonjwa, au kilichotoka bandari yenye ugonjwa, hakikuruhusiwa kushusha watu mjini. Daktari alikikagua, na abiria walioshukiwa wakapelekwa kisiwani. Huko waliangaliwa kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Asiyeonyesha dalili aliruhusiwa kuendelea na safari yake, na aliyeugua alibaki kutibiwa kwa uwezo mdogo uliokuwapo, kwani dawa za kuua vijidudu vya tauni zilikuja miaka mingi baadaye. Kituo kilifanya kazi hasa katika msimu wa vyombo, Desemba hadi Machi, na hapo utaona faida ya kuwa ulishawaeleza wageni habari za kaskazi ndani ya boti.

Wasimamishe wasikilizaji wako na uwaambie wautazame mji kutoka kisiwani. Abiria wa sitaha aliyetoka Bombay au Karachi, aliyevumilia siku nyingi za bahari, mwenye ndugu anayemsubiri Unguja au kibarua cha reli kinachomsubiri Mombasa, aliuona mji ng'ambo ya maji kila asubuhi na hakuruhusiwa kuukaribia. Hakuwa ameshtakiwa, wala hakuwa na hukumu ya kuhesabu siku zake isipokuwa neno la daktari. Watoto wa shule wanaielewa sehemu hii upesi, kwa sababu wengi wao wanakumbuka mwaka 2020, ndege zilivyosita na shule zilivyofungwa.

Lipo jambo jingine ambalo msimulizi makini hataliacha. Wakati kituo kinaanzishwa, wataalamu wenyewe walikuwa hawajakubaliana tauni inasambaaje. Alexandre Yersin alikitambua kijidudu chake Hong Kong mwaka 1894, lakini ni mwaka 1898 ndipo Mfaransa Paul-Louis Simond, akifanya majaribio yake Karachi, alipoonyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaouhamisha ugonjwa, na kwa miaka kadhaa wenzake wengi hawakumkubali. Maana yake ni kwamba watu walizuiliwa kwa hofu ambayo ilikuwa na msingi, huku panya waliokuwa ndani ya vyombo hawakuhesabiwa kuwa abiria. Ukilieleza hili vizuri, mgeni atajadiliana nawe mwenyewe juu ya haki ya serikali kumzuia mtu mzima kwa faida ya wengine, na mjadala huo ni wenye thamani kuliko picha ya mtu aliyeshika nondo za dirisha akijifanya mfungwa.

Nyumba ya mapumziko

Pita kwa haraka katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya Mathews, ambayo baadaye ilikuja kuwa mkahawa. Inatosha kueleza kwamba kisiwa kilikuwa na maisha mawili kwa mwaka. Msimu wa vyombo ulipomalizika na wagonjwa walipoondoka, Changuu kiligeuka mahali pa mapumziko kwa wenye nafasi waliotaka hewa ya bahari. Huenda mgeni akashangaa kwamba watu walikuja kustarehe pale ambapo wiki chache kabla walikuwa wamelala wagonjwa. Muache ashangae, kisha mwendelee.

Kobe na historia yao

Kobe wa Changuu ni sehemu ya historia na wasisimuliwe kama mapambo. Wanne wa kwanza walitolewa zawadi na gavana wa Kiingereza wa Shelisheli mwaka 1919, nao ni wa aina ya kobe wakubwa wa Aldabra, mojawapo ya jamii kubwa kabisa za kobe wa nchi kavu duniani. Walizaliana vizuri, na kufikia mwaka 1955 walikuwa kiasi cha 200. Baadaye wakaanza kuibwa, kwa kuwa soko la wanyama wa kufugwa nje ya nchi liliwataka na wengine waliliwa nyama, mpaka mwaka 1996 wakawa wamebaki 7 tu. Vifaranga kadhaa waliletwa mwaka huo ili kuwaongeza, na wengi wao nao wakatoweka. Ndipo serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kuwalinda wanyama, ilipojenga uzio, na idadi ikaanza kupanda tena. Simulizi hii ya wizi wengi huiona ni aibu wakaificha; mimi naona inafaa kusemwa wazi, kwa sababu inamfanya mgeni aelewe kwa nini kuna uzio na kwa nini kuna masharti.

Wageni wataziona tarakimu zilizoandikwa kwa rangi juu ya magamba ya kobe wakubwa, zikiwa ni umri wao. Waambie kwamba umri wa kobe mzee aliyeletwa akiwa tayari mkubwa ni wa kukadiria, na kwamba jambo lenye uhakika ni kuwa jamii hii huishi zaidi ya miaka 100.

Kuhusu kulisha, fungu la mchicha linatosha watu kadhaa. Mwonyeshe mgeni ashike shina kwa mwisho wake na aupeleke mchicha mbele ya mdomo wa kobe, vidole vikiwa mbali, kwani kobe hauoni mpaka kati ya jani na kidole na taya yake ina nguvu. Ukimgusa taratibu chini ya shingo, baadhi yao huinuka kwa miguu minne na kuinyoosha shingo juu, wakakaa hivyo kwa muda kama waliosahau mambo yote. Ukimshtua, huirudisha shingo ndani na kutoa pumzi kwa mlio mkali ambao watoto hudhani ni hasira. Ni hewa inayosukumwa nje tu. Usimruhusu mtu yeyote, awe mtoto au mzazi anayelipa vizuri, kumpanda kobe mgongoni. Gamba ni sehemu ya mwili wake na linahisi, na uzito wa mtu humlemea.

Mwisho wa sehemu hii, wakumbushe wanafunzi kwamba hawa si kasa. Kasa huishi baharini na hupanda ufukweni kutaga. Ukimtupa kobe wa Aldabra baharini ukidhani unamrudisha kwao unaweza kumwua.

Kujibu maswali magumu

Swali utakaloulizwa kila safari ni kwa nini basi kisiwa kinaitwa cha jela katika vipeperushi vyote vya utalii. Jibu ni kwamba jengo lilijengwa kwa kazi hiyo na jina likabaki baada ya kazi kubadilika. Usiombe radhi kwa jambo hilo wala usimtetee mtu, sema lilivyo.

Wengine watauliza wafungwa wa Unguja waliwekwa wapi, ikiwa hawakuletwa hapa. Wapeleke Ngome Kongwe siku hiyo hiyo mkirudi, kwa maana ngome ile iliwahi kutumika kama gereza katika karne ya 19, na ni jirani na mahali mnaposhukia boti. Safari ya visiwani ikifuatwa na nusu saa ya ngome humpa mgeni ulinganisho wa kweli kati ya mahali palipofunga watu kwa hukumu na mahali palipowazuia kwa ugonjwa.

Wapo pia wanaokuja wakiwa wamekwisha kwenda Robben Island ya Afrika Kusini, na hutarajia kukuta kitu kinachofanana nayo. Kule Nelson Mandela alikaa tangu 1964 mpaka 1982 alipohamishwa, na waongozaji wake wengi walikuwa wafungwa wa kisiasa wa kisiwa kile kile. Heshimu tofauti hiyo. Ukiwa na mgeni wa namna hii, mweleze kwamba Robben Island nayo, kabla ya kuwa gereza linalojulikana duniani, ilitumika kwa miongo mingi kuwatenga wagonjwa, wakiwemo wenye ukoma, kuanzia mwaka 1846 hadi wa mwisho walipoondolewa mwaka 1931. Hapo visiwa viwili hivi vinakutana kwa haki, bila wewe kulazimika kukitia Changuu wafungwa ambao hakikuwa nao.

Ukiulizwa jambo usilolijua, sema kwamba utalitafuta, uliandike mbele ya aliyeuliza, na umpelekee jibu. Wageni huwaamini sana waongozaji wanaofanya hivyo, na mwongozaji anayejibu kila kitu papo kwa papo hugunduliwa mapema.

Kwa walimu na wanaotaka kuchimba zaidi

Mwalimu asiwape wanafunzi kazi ya kunakili tarehe. Wagawe katika makundi, kila kundi limwandikie barua mtu mmoja aliyewahi kufika Changuu: mtumwa aliyekataa kuuzwa, kibarua wa reli aliyezuiliwa mwezi Januari, daktari wa kituo, au mlinzi wa kobe wa miaka ya 1990. Sharti liwe kwamba kila sentensi yenye tarehe au idadi ioane na yale mliyoyasoma. Zoezi hili huwafundisha kuwaza kama watu wa wakati ule bila kuacha ukweli, na makosa yakitokea huwa rahisi kuyaona na kuyajadili darasani.

Anayetaka kuchimba zaidi aende Nyaraka za Taifa, Kilimani, ambako kumbukumbu za serikali ya Sultani na za utawala wa Kiingereza zinahifadhiwa. Nenda na barua ya utambulisho kutoka shuleni, chuoni au ofisini kwako, beba penseli, na uanze na kumbukumbu za idara ya afya na za bandari kuliko zile za magereza, maana habari za kituo cha karantini ziko huko zaidi. Tafuta pia chini ya jina la Kibandiko kwa majalada ya baada ya mwaka 1923.

Wazee wa pwani nao ni hazina, hasa manahodha waliosafiri kwa majahazi na familia zao. Unapowasikiliza, omba ruhusa kabla ya kurekodi, andika tarehe, jina la mtaa na nani aliyemsimulia mzee habari hiyo kabla yake, kisha utenganishe katika daftari lako yale aliyoyaona kwa macho yake na yale aliyoyasikia. Ukimaliza kuandika, mrudie umsomee, asahihishe, na umwachie nakala.